Msemaji wa Kadi Zangu Tatu

Jumatatu, 5 Machi 2012. Etterbeek.

Barua kutoka ofisi ya chômage! Kadi zangu za Novemba, Desemba na Januari, ambazo bila hizo mtu asiye na kazi halipwi, zimewafikia kwa mpigo, zote zimechelewa. Ijumaa saa nne asubuhi watanipigia simu nijieleze. Nikishindwa, malipo ya miezi mitatu yamekwenda na maji.

Mke wangu Pétronille ameisoma kitandani. Kisha akasema wakikataa, Aprili atarudi kazini. Kazi yake ni kuinua wazee vitandani. Kidonda cha operesheni hakijapona vizuri, na daktari amesema hadi Juni asiinue hata ndoo. Nimemwambia mke wangu hatainua mtu. Akili ninazo.

Sababu ya kweli ipo, ila haisemeki. Miezi ile mitatu nilikuwa namwogesha, namlisha uji, namsuka nywele. Kadi zilikaa juu ya friji. Mimi, fundi wa mitambo wa Lubumbashi, nimwambie mama wa ofisi kwamba nilikuwa nasuka nywele? Bora nife!

Jumanne, 6 Machi.

Afadhali afe mwingine. Mjomba Nday! Amefariki Lubumbashi, nami nikakaa matanga miezi mitatu. Nilijizoeza mbele ya kioo hadi machozi yakanitoka. Nikapiga simu kwake nikitafuta mwanawe aniandalie karatasi ya kifo. Akapokea marehemu mwenyewe.

Nilimweleza kwa upole kwamba ni kufa kidogo tu, kwa ajili ya ofisi. "Miye niko muzima, niko nakula bukari!" Akakata, arudi kwenye ugali wake. Baada ya dakika tano akapiga tena, kwa vocha yake, kuuliza hali ya Pétronille. Baada ya hapo sikuweza kumuua.

Jumatano, 7 Machi.

Nimepata, na safari hii hafi mtu. Kwetu bwana harusi hajisemei kwenye mahari. Anakaa kimya, macho chini, msemaji anamaliza kila kitu. Kwa nini basi nijisemee kwenye jambo zito kama hili? Nimekwenda mtaa wetu wa Matonge, Chaussée de Wavre, nikamkuta Tonton Éliézer kwa kinyozi. Ameshasemea nusu ya ndoa za Wakongomani wa Brussels. Amekubali kwa sahani moja ya sombe, kisamvu cha kwetu.

Pétronille anasema hii si mahari. "Bon, sema kweli tu, papa." Nimemjibu kwamba hajui taratibu.

Alhamisi, 8 Machi.

Sombe imeungua. Nyingine iko jikoni.

Ijumaa, 9 Machi.

Tonton Éliézer alikuja na suti na tai. Kwa simu! Pétronille alikataa kutoka chumbani, kwa hiyo tuliweka simu juu ya kitanda, sauti wazi.

Saa nne kamili ikalia. Tonton akasimama. Akamsalimu yule mama wa ofisi, akasalimu wazee wake, akauliza nani anasema upande wao. Mama akajibu yuko peke yake. Tonton alisikitika sana kwamba ukoo mzima umemtuma mtu mmoja. Akamhakikishia kwamba sisi si walevi. Mwisho, kwa mazoea ya posa, akasema tumeona ua zuri ndani ya nyumba yao.

 Kisha mama akasema anataka kumsikia mwenye kadi. Nikainamisha macho. Mazoea ya bwana harusi! Akarudia. Nikainama zaidi.

Pétronille akachukua simu. Alisema yote, kwa Kifaransa kilichonyooka. Uji. Maji ya kuoga. Hata nywele: kwamba mistari ilikuwa imepinda, naye akaenda nayo hospitali hivyo hivyo, akiringa. Akasema miezi mitatu sikusahau dawa yake hata siku moja, nilisahau kadi tu. Sikujua kwamba aliringa. Nilitaka kuingia chini ya kitanda, na nilitaka aendelee kusema. Tonton alikuwa anajifuta macho kwa tai.

Mama akaniuliza kama ni kweli. Nikasema "Oui." Ndilo neno langu pekee. Akaomba karatasi za daktari.

Jumatatu, 26 Machi.

Wamekubali! Kadi zote tatu! Pétronille atapumzika hadi Juni. Nilimbusu hadi akalalamika. Chini ya barua yao kuna onyo: nisichelewe tena. Tonton Éliézer anatangaza Matonge nzima kwamba ni yeye.

Jumatano, 28 Machi.

Kadi ya Machi inatakiwa ofisini keshokutwa. Nimeshaijaza. Pétronille anataka niipeleke leo, nusu saa tu. Lakini kweli nimpelekee kadi peke yake mtu aliyetutendea wema ule? Lazima ukoo ushukuru. Nimeanza barua. Niko ukurasa wa nne, na ndiyo kwanza nimefika kwa babu yangu. Tonton lazima aipitie, naye yuko Liège kwenye harusi hadi wiki ijayo. Kadi itaisubiri barua, ziende pamoja. Mama yule ana moyo mwema. Siku kumi hawezi kuzihesabu.