Mbuzi wa Mama na Sheria ya Kimataifa

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimefika nyumbani, Kishapu. Nimechoka. Kabla sijatua begi, jirani yetu Mama Lusia kaniuliza nasomea nini hasa huko chuo kikuu. Nikamweleza: historia kidogo, siasa kidogo, mazingira, uchumi, vyote vinachanganywa ili mwisho wake niwe mwanasheria wa kimataifa. Akamgeukia mama, akampa pole.

Kazi iliyonileta ni hii. Mwalimu wangu, Dk. Scolastika, atapendekeza jina moja tu kwenda kusomea sheria ya kimataifa: la mwanafunzi atakayesuluhisha mgogoro wa kweli likizo hii. Hosiana, mwenzangu darasani, yuko kwao Bugarama, ambako wachimba dhahabu wanagombana kabla ya chai. Mimi kwetu watu wanapendana. Nimeonewa!

Jumanne, 10 Juni
Kama ugomvi haupo, utengenezwe. Nikamnong'oneza Mama Lusia kwamba Mzee Jilala, anayepakana naye, anausogeza ua wa minyaa uingie shambani kwake Mama Lusia. Kisha nikaenda kwa Mzee Jilala, nikamwambia hivyo hivyo juu ya Mama Lusia. Jioni nikapita kusuluhisha. Nikawakuta wamekaa pamoja wanatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kunicheka. Wakanikaribisha. Nikala, ningefanyaje?

Jumatano, 11 Juni
Yowe alfajiri. Mzee Magesa wa ng'ambo ya mto amefariki. Hapa msiba ni wa wote, na kila mwanaume mzima hubeba jembe kwenda kuchimba kaburi. Aliyekuja kuniita ni Masele, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Huyu tulikaa dawati moja, akinakili hesabu zangu, na bado akafeli. Leo ana filimbi na watu wanamwogopa! Nikatoka na blanketi mabegani, nikakohoa, nikasema nina homa. Akasema pole. Ile pole aliivuta sana.

Alipoondoka nikapanda jiwe kubwa nyuma ya nyumba, ndiko mtandao unakopatikana, nikampigia Hosiana. Amefika mbali! Wenye mashimo wawili wanaogombea mpaka wamekubali kukaa naye. Nikapandwa na hasira, nikawa natembea huku na huko juu ya jiwe, narusha mikono. Kugeuka, naona ng'ambo ya mto, nyuma ya boma la marehemu, wanaume wote wameegemea majembe. Wananitazama mimi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeitwa dagashida, baraza letu la kijiji. Masele akasoma kosa, wazee wakataja faini: mbuzi mmoja, aliwe na wote. Nikaomba kujitetea. Nikasema upo mkataba wa kimataifa unaokataza kazi za shuruti, na kuchimba kaburi ni kazi. Nilisema muda mrefu, na vizuri sana. Mama Lusia akauliza hao wenye mkataba huwa wanazikwa na nani. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi.

Nikakataa kulipa. Wametutenga. Hakuna salamu, hakuna kuombana moto, na kikundi cha kuvuna pamba hakitakanyaga kwetu. Mama naye yumo, maana ndiye anayenilisha.

Lakini mgogoro nimeupata! Nimepanda jiwe, nikamtumia Dk. Scolastika habari yote.

Ijumaa, 13 Juni
Amejibu. Ameniambia niusome mkataba mpaka mwisho, kwa sababu kazi ndogo za kijamii hazimo kwenye katazo. Halafu ameuliza msuluhishi ni nani, maana mimi anaona ni mshtakiwa.

Tumevuna pamba mimi na mama, wawili tu. Shamba haliishi. Pamba imepasuka, upepo unaiangusha kwenye vumbi, na vidole vyangu vinatoka damu. Mzee Jilala akapita njiani. Mama akamsalimia. Hakuitika. Mama akainama tena kwenye pamba, na hakuinua uso mpaka yule mzee alipopotea. Sijawahi kumwona mama akinyimwa salamu. Roho imeniuma sana.

Jumamosi, 14 Juni
Mama hakuniambia kitu. Asubuhi alimfungua mbuzi wake jike akampeleka kwa Masele. Mwanambuzi amebaki kwenye kamba analia. Mchana tukala wote, hata mimi mkosaji, ndivyo desturi ilivyo. Masele alinikatia ini kwa mkono wake, akaniita mwanasheria. Jioni Mama Lusia akanisalimia mwangaluka, ingawa ni salamu ya asubuhi na jua lilishazama. Nadhani alikuwa ameilimbikiza.

Jumatatu, 16 Juni
Kikundi kilikuja jana, pamba yote iko ndani. Mama anaimba.

Nilimtumia Dk. Scolastika habari ya mbuzi, naye ameandika tena. Anasema msuluhishi yupo, ni mama yangu. Niiandike habari hiyo kwa ukweli, niitume kabla ya jioni, naye ataiweka mezani pamoja na ya Hosiana. Nimeandika. Kila palipokuwa na mama nimejiweka mimi, inasomeka vizuri zaidi. Imebaki kutuma.

Yowe limelia tena. Amefariki bibi yake Ngusa, yule Ngusa mwenye duka. Masele amekuja na jembe la ziada, la kwangu. Nimemwambia tumbo linanisokota, nadhani ni lile ini. Akasema pole.

Jiwe la nyuma ya nyumba sipandi tena, mimi si mjinga. Nimegundua jingine, upande wa pili wa kilima, ambako hakuna boma hata moja. Nimo juu yake naandika haya. Mtandao wa huku ni safi! Habari inaondoka.

Chini naona watu wanapita na majembe. Sikujua shamba la kina Ngusa, wanakozikana, linafika huku. Mmoja amesimama, ameinua kichwa, ana filimbi shingoni. Nyumbani amebaki yule mwanambuzi tu.

Nimeshika tumbo, nimeinama, ili Masele anione vizuri.