Spika za Kumfunika Mama Mkwe

Habari iliyotuchokoza asubuhi ile aliileta Mashine, kinyozi wetu, simu mkononi: kuna tajiri amefunga spika thelathini ndani ya gari moja. Mimi nilikuwa nashona soli kwenye benchi langu, Dada Birika anamimina kahawa, na Sindano, fundi cherehani, anapuliza kikombe chake. Akakiweka chini.

"Thelathini za nini," akasema. "Mimi mbili tu zingeniokoa."

Tukamgeukia, ikabidi aeleze. Jumamosi anampeleka mama mkwe kwenye harusi ya ukoo, safari ya kutwa nzima, wawili tu ndani ya kile kigari chake chenye umri wa kuoa. Mama mkwe akianza kunena hana kituo, na redio ya gari ilishakata kauli. Spika za milangoni nazo zimebaki kukoroma kama mzee mwenye mafua. Sindano alitaka muziki wa bei ya mtu wa kawaida, utakaomfunika yule mama kwa heshima.

Kijiwe kikawaka. Mashine alishikilia kwamba dawa ni besi, liwe spika kubwa la kujaza buti la gari, maana penye besi hakuna anayeulizwa swali. Fundi Waya, ambaye kazi yake ni umeme wa magari, akasema gari kuukuu ni kama mgonjwa wa presha, halishtuliwi. Ushauri wake ulikuwa redio ndogo inayoungana na simu, na spika mbili mpya zinazoingia kwenye matundu yaleyale ya milangoni, basi. Mashine akamwambia huo si muziki, hilo ni tangazo la msiba.

Dada Birika, ambaye Sindano humpa lifti mara kwa mara, akauliza kama milango yenyewe inafungwa kwa kamba, hizo spika zitashikwa na nini. Sindano akajitetea kwa unyonge kwamba ni mlango mmoja tu.

Mashine akachoka na maneno. Alikwenda kwenye kibanda chake cha kunyolea akarudi amekumbatia spika lake la dukani, kubwa kama kabati la mtoto. Tukalisukumiza kwenye buti la gari la Sindano, lililokuwa limeegeshwa palepale kijiweni, Waya akaunga nyaya huku akisema yeye hayumo. Mashine akafungulia.

Besi ya kwanza, kioo cha pembeni kikaning'inia. Ya pili, waipa zikaanza kufuta mvua isiyokuwepo. Ya tatu, honi ikalia yenyewe ikagoma kunyamaza, na kifuniko cha gurudumu kikachomoka, kikavuka barabara peke yake, kikaingia duka la dawa kama mteja. Dada Birika alicheka mpaka akakaa chini, birika kalipakata. Mimi soli niliishonea kwenye aproni yangu. Sindano akachomoa waya wa betri, kukawa kimya, naye akaangua kicheko cha mtu aliyekwishakata tamaa.

"Waya," akasema akifuta machozi, "nifungie hizo zako mbili."

Zikafungwa jioni ileile, na kweli zilikuwa safi. Ukifumba macho unadhani mwimbaji amekukalia gotini. Hata Mashine alikiri, ingawa alikiri akiangalia pembeni.

Jumatatu Sindano alirudi kijiweni amechoka kama aliyekwenda kwa miguu. Akatusimulia kwamba aliwasha wimbo mmoja tu. Mama mkwe akaisifu mno ile sauti, kisha akasema, "Baba, pumzisha kidogo hayo yako, hebu niunganishie simu yangu." Mkwe hakataliwi. Akaunganisha. Kumbe mama hana hata wimbo mmoja kwenye simu. Ana jumbe za sauti za kikao cha ukoo, miezi minane ya maandalizi ya harusi, na karibu zote msemaji ni yeye. Akazifungulia tangu ya kwanza.

"Zamani nilikuwa namsikia kutoka kiti kimoja," Sindano akasema. "Safari hii alikuwa mlango wa kushoto, mlango wa kulia, na pale kitini amekaa yeye mwenyewe, anajiunga mkono."

Mashine alikuwa keshalala juu ya benchi langu kwa kicheko, anapiga mbao kwa kiganja. Fundi Waya peke yake hakucheka. Alisogea mbele, akauliza kwa fahari ya kazi yake, "Na maneno, yalisikika vizuri?"

Sindano akamgeukia.

"Mpaka anavyovuta pumzi."