Kanga wa Porini na Kuku wa Rhobi

Jumatatu, 5 Agosti
Faustino tena! Nimeamka, Faustino. Nimekwenda kisimani, Faustino. Mtu wa kuja, kashindwa kuchimba dhahabu Nyakunguru akahamia huku Ikoma na mabegi mawili, leo anaitwa mtaalamu wa kuku. Kuku! Babu zangu walitajwa kwa ng'ombe. Lakini mpishi wa hoteli moja ya kitalii anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuchagua atakuwa ananunua kuku kwa nani, na kijiji kizima kimeshamchagua Faustino. Hata mke wangu Rhobi anasema banda la yule bwana linanukia vizuri. Banda la kuku linukie! Roho imeniuma, chai sikumaliza.

Rhobi naye ana kuku wazuri. Akichaguliwa yeye, nyumba yetu itapata bati. Lazima achaguliwe. Kwa akili yangu, si kwa akili ya Faustino.

Jumanne, 6 Agosti
Faustino kapita nyumba kwa nyumba. Kasema kesho alfajiri analeta chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima, tone moja jichoni kwa kila kuku. Chupa moja inatosha majirani wote, kwa hiyo tusifungulie kuku mpaka apite. Kamwamkia mama yangu shikamoo kwa sauti ya kujipendekeza. Mama kacheka! Mimi mwanawe hajanichekea tangu Pasaka.

Rhobi kafurahi. Yaani awashike kuku wetu, awatazame machoni, halafu wakichaguliwa aseme ni kazi yake? Thubutu.

Jumatano, 7 Agosti
Nimemtangulia jogoo kuamka, nikafungua banda. Kuku wote wakatawanyika porini! Faustino kaja na chupa yake kwenye barafu, kakuta banda tupu. Nimemwambia Rhobi komeo lilikuwa bovu. Maskini, kakimbizana nao hadi kandambili ikakatika, hakukamata hata mmoja. Chanjo ikishafunguliwa haisubiri, Faustino kaenda kwa wengine. Nimeshinda! Sasa mbona Rhobi kamwomba radhi yeye?

Alhamisi, 8 Agosti
Wazo! Kanga wa porini walizoea kushuka kwa Faustino. Yeye kawafukuza, na banda kalizungushia wavu, hata shomoro hapiti. Mjinga yule. Mzungu atoke kwao aje kuona vya porini, halafu umpe kuku wa kufungiwa? Nimemwaga mtama mlangoni kwetu. Kanga wakizoeana na kuku, madume yao yatawapanda matetea ya Rhobi, tupate vifaranga vyenye madoadoa. Kuku wa hifadhini! Mpishi ataonyeshwa wazazi wote wawili. Faustino atatoa macho.

Ijumaa, 9 Agosti
Wamekuja! Kundi zima. Wanakula na kuku, wanakunywa sufuria moja, wanakunya humo humo. Faustino kasimama kwenye ua wake, kanisihi niwafukuze. Eti ndege wa porini hubeba mdondo hata kama wenyewe wanaonekana wazima. Kijicho hicho! Anaumia kwamba wamemhama. Nimeongeza mtama huku ananitazama.

Jumatano, 14 Agosti
Kuku wamejikunyata. Kinyesi kijani. Yule tetea mkubwa ambaye Rhobi kamlea tangu kifaranga kapinda shingo, anatazama juu. Nimesema anasali. Rhobi hakucheka. Kichakani nimekuta kanga mmoja kafa, nimemfukia bila kumwambia mtu. Namshuku Faustino.

Ijumaa, 16 Agosti
Wamekufa. Karibu wote. Rhobi kakaa mlangoni mwa banda na tetea wake mapajani, analia bila sauti. Nimeumia kweli. Sikujua mikono niiweke wapi.

Afisa mifugo, Imelda, kaja. Kaeleza kwamba mdondo ni virusi, ukishaingia hauna dawa. Ndege wa porini wanauacha kwenye kinyesi, kwenye chakula na maji, kuku naye anaokota. Waliochanjwa wote kijijini wazima. Kauliza mtama ule kamwaga nani. Nimeugeukia mlima kana kwamba natafuta mvua. Upande ule hakuna mlima. Rhobi kaniangalia kwa muda mrefu, na nimeona amejua habari ya mtama na ya komeo pia.

Faustino kaja na koleo kutuchimbia shimo la kuwafukia. Refu, kona zimenyooka. Rhobi kalisifu. Shimo! Nimeanza kuchimba langu pembeni, nikagonga mwamba.

Jumamosi, 17 Agosti
Mpishi kamchagua Faustino. Halafu Faustino, mbele ya watu, kamwambia mpishi hapa hakuna mlezi wa kuku kumshinda mama Sarah, yaani Rhobi wangu, na banda letu likishasafishwa na kupumzishwa watauza pamoja. Wema wa kuudhi! Ningependa anitukane.

Rhobi kakubali papo hapo. Kisha kanigeukia, mama akisikia. "Kuku ni wangu, baba Sarah. Wewe una ng'ombe wako. Kaa nao huko."

Usiku huu nimelala sebuleni. Hakunifukuza. Kafunga mlango tu.

Jumapili, 25 Agosti
Faustino kanunua ng'ombe! Mmoja, mweupe, mnene. Kutoka kanisani watu wamepitia kwake kumtazama. Mama kampapasa mgongo. Rhobi kasema ana macho mazuri. Sikula mchana.

Ng'ombe wangu wamekonda, mbegu yao imechoka. Nimewaza kutwa nzima, na jibu limekuja lenyewe. Mtoni jioni nani anashuka kunywa maji? Nyati! Madume mazima, shingo nene, hayana mwenyewe. Nimeweka chumvi ya mawe ukingoni, pale pale ng'ombe wangu wanapokunywa. Hapo Imelda kapita na pikipiki, kasimama, kaniuliza nafanya nini tena. Nimemtoa wasiwasi. Nimemwambia safari hii si ndege.