Vidole Kumi Vyeusi Ukweni Kitahana

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, tena ukweni, tena nikiwa nimevaa suti. Kaeni vizuri niwasimulie kabla hamjaisikia kwa watu wa Kibondo, maana wao wataongeza chumvi. (Mimi siongezi. Iliyopo inatosha kupikia harusi.)

Mnajua kwamba tangu nimalize kidato cha nne kwa masomo ya usiku nimepata kibarua hapa Kasulu kwa Madam Rehema, mwalimu wa baiolojia kutoka Tanga. Madam anafanya utafiti wa shahada yake kwenye maabara ya kuazima. Amechota udongo kwenye shamba la migomba, akatoa humo bakteria, akawafuga kwenye chupa kama wengine wanavyofuga kuku. Wakishastawi anawachuja, anachukua ule mchuzi wao, anautia dawa yenye madini ya fedha, yale ya kutengenezea mikufu. Mchuzi wa bakteria unayageuza madini kuwa chembe ndogo ajabu. Chembe moja ikitaka kuvuka unywele wako inabidi ilale njiani. Na chembe hizo zinaua vijidudu vya kwenye vidonda, hata vile vilivyokwisha kuzizoea dawa za hospitali. Hakuna moto, hakuna mitambo ya kiwandani, kazi yote wanafanya bakteria. Ndiyo maana sisi wasomi tunaiita njia ya kijani. (Wasomi, yaani Madam. Mimi nipo hapo karibu.)

Kazi yangu ni kuangalia rangi. Mchanganyiko ukiwa na manjano hafifu, bado. Ukigeuka kahawia kama chai ya rangi, chembe zimezaliwa. Basi. Lakini kule Kitahana, wilayani Kibondo, kwa kina Editha mchumba wangu, zilifika habari kwamba mimi ni mtafiti wa dawa. (Sijui nani alizipeleka. Nilizipeleka mimi.)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka posa. Baba yake Editha, Mzee Bukuru, ni mwalimu mstaafu, na alishasema wazi kwamba binti yake hampi mtu wa maneno mengi. Sasa mnanijua. Mimi nikiulizwa saa naanza na historia ya jua. Kwa hiyo mshenga wangu, baba mdogo Melki, alinipa masharti: niwe msafi, ninyooke, ninyamaze.

Alfajiri, kabla ya basi, nikapitia maabara kuangalia rangi. Nakuta mchanganyiko umegeuka. Kahawia safi, kahawia ya kunywa na maandazi. Nikaona hii ni baraka ya posa. Nikageuka kwa furaha kama mcheza ngoma, kiwiko kikaigonga ile chupa ya dawa ya madini yenyewe, kali, bado haijazimuliwa. Ikamwagika mezani. Haina rangi, inang'aa kama maji ya kunywa.

Madam amenikataza kugusa chochote bila glovu. Lakini glovu zile zina unga mweupe ndani, na mimi nina suti nyeusi. Nikachagua suti. Nikaikusanya dawa kwa viganja vyote viwili nikaimimina kwenye sinki, nikafuta meza mpaka ikang'aa. Halafu, kwa kuwa mikono ilikuwa imelowa na basi linapiga honi, nikalaza nywele. Nikajifuta na paji la uso. Nikajiona maridadi. (Hii ndiyo sehemu ambayo Madam akiisoma atakaa chini.)

Kwenye basi nilikaa dirishani, upande wa jua, mkono nje kama mbunge. Tulipoiacha Kasulu vidole vilikuwa vya kawaida. Baadaye kidogo vikawa kama nimemenya ndizi mbichi. Nikasema ni vumbi. Nikafuta kwa leso, leso ikatoka safi, vidole vikabaki. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo vilivyozidi. Baba mdogo akanitazama.

"Festo, umeshika mkaa?"

"Hapana, baba mdogo."

"Basi mkaa umekushika wewe."

Kibondo stendi tulinunua sabuni ya mche. Nimesugua mpaka sabuni ikabaki kama peremende. Mikono ilitakata vizuri sana, ikatakata ikiwa nyeusi. Nikachungulia kioo cha bodaboda. Kwenye paji la uso kuna michirizi minne, imejipanga, kutoka nyusi mpaka kwenye nywele.

"Unaonekana kama mtu aliyepigwa kofi na fundi gereji," akasema baba mdogo. "Turudi?"

"Wameshapika, baba mdogo."

Alifikiri kidogo. Kurudi nyuma siku ya posa, wakwe wameshapika, ni kumkataa binti mbele ya majirani. Wote tulilijua hilo. Basi tukamwangukia yule kijana wa bodaboda, akatuazima kofia yake na glovu zake za ngozi, zile za kuendeshea pikipiki. Nikaingia ukweni Kitahana, jua la kupasua mawe, nimevaa suti, kofia ya sufu, na glovu mpaka karibu na viwiko. (Kuku walinikimbia. Nawaelewa.)

"Mwakeye," nikaamkia kwa Kiha, nikainama, nikatoa mikono yote miwili kama inavyotakiwa. Mama yake Editha akaipokea ile ngozi, akaitazama, akanitazama.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Baridi tu, mama."

"Jua hili?"

"Kasulu ni kwenye baridi sana," baba mdogo akadakia. "Bado haijamtoka."

Editha alikuwa amesimama mlangoni. Akaziba mdomo kwa kanga. Mimi nikadhani ni mapenzi.

Ndani, Mzee Bukuru hakuzungusha. "Kofia hiyo. Uko ndani ya nyumba ya watu." Nikaitoa. Akaitazama ile michirizi kama anayesahihisha mtihani. Baba mdogo akatoa posa kwa maneno mazuri mpaka mimi mwenyewe nikatamani kuolewa na Festo. Mzee akaniuliza ninafanya kazi gani. Masharti yalikuwa ninyamaze. Nikaanza na udongo wa migomba, nikaja bakteria, nikaja chembe, nikavuka unywele, nikafika vidonda. Nilisema "sisi watafiti" mara nyingi kuliko ilivyo lazima. Baba mdogo alinikanyaga mguu, nikadhani ananihimiza.

Chakula kikaja. Ugali, samaki aina ya migebuka, maharage yenye mawese. Na beseni la kunawia.

Hapo ndipo nilipoona nimekwisha. Mgeni ndiye anayenawa kwanza, na mgeni asiponawa hakuna anayekula. Mama akapiga goti na jagi la maji ya moto, akangoja. Mimi nikangoja. Ugali nao ukangoja.

"Vua, mwanangu."

Nikavua.

Mama akamimina. Maji yakapita meupe kama yalivyotoka. Akaongeza. Akaita limau. Akaita majivu. Shangazi mmoja akatokea jikoni na steelwool ya sufuria, akanishika kifundo cha mkono kwa nia njema kabisa, nikasuguliwa mbele ya wakwe kama masufuria ya msibani. Vidole vikang'aa. Vyeusi.

Mzee Bukuru akavaa miwani. Sasa nilisahau kuwaambia kwamba kwenye uchaguzi huu uliopita mzee alikuwa msimamizi wa kituo cha kura. Akanyoosha kidole chake kidogo, chenye alama ya wino, akakiweka kando ya vyangu. Rangi ni ileile. Mtu na ndugu yake.

"Kijana," akasema taratibu. "Sisi wengine tulipiga kura moja."

"Mzee, huu si wino."

"Kumi. Na paji la uso nalo likaenda likapiga."

"Mzee, ni bakteria," akasema baba mdogo. Shangazi akaiachia mikono yangu na kwenda kunawa.

Editha ndiye aliyeniokoa, au ndiye aliyenimaliza, bado sijaamua. Alichukua simu yake, akaniomba namba ya Madam, akapiga, akaweka sauti ya nje, nikajitaja. Simu yake ni ya Kichina, sauti ya nje inasikika mpaka zahanati.

"Festo, mchanganyiko umekuwaje?" akauliza Madam.

"Umekuwa kahawia, Madam."

"Alhamdulillahi. Na wewe?"

"Mimi nimepitiliza."

Nikamweleza. Nikamsikia akivuta kiti. Akawaeleza kwa upole wa Kitanga kwamba ile dawa ikigusa ngozi na ngozi ikaona jua, inageuka nyeusi, na kwamba dawa hiyohiyo ndiyo hutiwa kwenye wino wa kura kusudi usitoke. Haisafishiki. Ni kungoja ngozi yenyewe ichakae, ije mpya. Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikashusha pumzi. Halafu akaisogelea simu.

"Mwalimu mwenzangu, swali la mwisho. Huyu ni mtafiti?"

Madam hajui kusema uongo, ni kasoro yake kubwa. "Huyu ni kijana wangu wa kuangalia rangi, mzee. Utafiti ni wa kweli, na yeye ana bidii sana. Ila nilimkataza kugusa."

Baba mdogo akaanza kuhesabu mabati ya paa.

Nilikuwa natafuta namna ya kuaga nipitie dirishani, ndipo mama yake Editha akaketi karibu yangu, akapandisha kitenge kidogo, akafungua kitambaa mguuni. Kidonda. Cha siku nyingi, kinaonekana tu.

"Lakini dawa yenyewe ni ya kweli, mwalimu amesema," akaniambia kwa sauti ndogo. "Niletee hata kwenye kichupa kidogo. Wewe unakaa nayo."

Nyumba nzima ikanigeukia. Jamani, ningesema ndiyo, ningetoka pale na mke. Na mdomo wangu mnaujua, ulikuwa umeshafunguka.

"Mama, hapana," nikasema. "Haijapakwa hata kwa panya. Bado ni rangi tu kwenye chupa. Nikikuletea nitakuwa naijaribia kwenye mguu wako. Hospitali ya wilaya wanasafisha vidonda, nitakupeleka kesho mimi mwenyewe, na mikono yangu hiihii."

Mama akafunga kitambaa polepole. Mzee Bukuru akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Tangu umeingia humu," akasema, "hilo ndilo neno la kwanza ulilolitoa bila kulivalisha glovu. Melki, posa tumeipokea. Tuleni, ugali umepoa."

Nikanyoosha mkono kukata tonge. Mama akanizuia kwa upole wote wa duniani, akamwita Editha alete kijiko. Wote wanakula kwa mkono, baba mdogo anamega kama mwenye nyumba, na mimi bwana harusi mtarajiwa nakula ugali kwa kijiko cha chai. Posa imepokelewa, mkono bado unajadiliwa.

Nawaandikia nikiwa Kibondo, nimelala kwa rafiki, kesho asubuhi nampeleka mama hospitali. Editha alinipiga picha nikiwa na kile kijiko, na ameshaiweka Facebook. Nawasihi kwa unyenyekevu, msiilaiki. Kila mkiilaiki inapanda juu, na Mzee Bukuru amefunguliwa akaunti jioni hii na hana rafiki mwingine zaidi ya binti yake.