Mahindi Kumi na Mawili ya Mama Mkwe

4 Novemba, Jumatatu

Mke wangu Eveline ameondoka alfajiri kwenda Rujewa. Mdogo wake kajifungua. Atarudi Jumanne ijayo, na siku hiyohiyo mama yake atashuka kutoka Kilolo kuchukua mbegu zake.

Nimeachiwa maagizo matatu. Kuku walishwe. Binti yetu Bertha aende shule akiwa amechanwa nywele. Na moto wa kuni uwashwe kila jioni kwenye jiko la nje, hata kama hakuna kinachopikwa. Moto huo ni wa mahindi ya mama mkwe.

Ni mahindi ya bisi. Mwenyewe, Bibi Rozalia, alituletea mwezi wa saba, walipobomoa jiko lake kule kijijini. Yako kumi na mawili, yamo ndani ya maganda yake, yamefungwa mawilimawili na kuning'inizwa juu ya moto ili moshi uyalinde na wadudu. Mbegu hiyo alipewa na mama yake siku alipoolewa. Anaipanda kila mwaka. Dukani haipo, hata ukilia. Eveline alisema mara mbili kwamba hayaguswi. Nikamuuliza kwani ananionaje. Basi lilikuwa limefika.

Mengine ni mazuri. Jumapili ni sherehe ya watoto wa shule ya Jumapili, na bisi ni jukumu langu. Nilinyoosha mkono mwenyewe kwenye kikao. Watoto arobaini. Bertha ameshawatangazia wenzake wote.

Mwaka jana pia nilinyoosha mkono. Sitaki kueleza sana. Ziliungua. Jirani yangu Marcelino akaja na ile mashine yake ya bisi, nyekundu, ya vioo, akaokoa sherehe. Mchungaji akamshukuru kwa jina, mbele ya kanisa zima. Marcelino ni Mkatoliki! Mimi niliyezaliwa Mlutheri nilikaa benchi la nyuma nikinuka moshi. Bertha hakunishika mkono njia nzima ya kurudi nyumbani.

Leo Marcelino kaja kuniambia mashine iko tayari, nichukue tu, bure, kazi ya Mungu. Nikamshukuru. Nikamwambia nina mipango yangu.

5 Novemba, Jumanne

Nimenunua debe zima la mahindi ya bisi hapa Ipogolo. Muuzaji kaapa ni makavu kuliko yote sokoni, yamekaa juu ya bati tangu Agosti. Safi. Nikaona nimepata.

Njia ya kwanza: sufuria, mafuta, mfuniko. Njia ya kila mtu. Nikasubiri. Kimya. Nikasubiri tena. Likapasuka moja. Bertha akapiga makofi. Nikafunua nione yanaendeleaje, la pili likanipiga kwenye kope. Yakafuata machache, kisha moshi tu. Bertha akachambua kwa uvumilivu: bisi kumi na tisa. Zilizobaki ni kokoto.

Marcelino akauliza toka ng'ambo ya ua kama kuna kinachoungua. Nikasema ni ngozi ya kochi, naijaribu ubora. Mimi ni fundi makochi, kwa hiyo jibu lilifaa.

Tatizo ni sufuria. Nyembamba mno.

6 Novemba, Jumatano

Asukile, fundi mwashi anayejenga hapo mkabala, ni mtu wa Tukuyu. Kaniambia bibi yake hakutumia mafuta kamwe. Alikuwa akipasha mchanga kwenye chungu, anamwaga mahindi, anakoroga, kisha anachekecha. Nikamshika mkono kwa furaha. Mchanga anao, lori zima.

Njia ya pili: mchanga. Lazima niseme ukweli, zilipasuka zaidi ya jana. Sahani nzima! Nikamkaribisha Asukile kuonja. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Kwa upole akauliza kama niliuosha mchanga kwanza. Nikamuuliza mchanga unaoshwaje. Akasema bibi yake alitumia mchanga wa mtoni, uliooshwa, wala si huu ambao jana walichanganyia saruji. Akatema pembeni, akasema ndaga, asante ya kwao, akarudi kazini.

Bertha kauliza kama tukaazime mashine ya Baba Marcelino. Nikamwambia subira huvuta heri. Akasema na mwaka jana nilisema hivyohivyo.

7 Novemba, Alhamisi

Njia ya tatu: maikrowevu. Anayo Edmund, kiongozi wa kwaya. Mtandaoni wanasema weka mahindi kwenye bahasha ya kaki, kunja mdomo, basi. Nikakunja. Ukafunguka. Mimi ni fundi, sikubali kitu kifunguke. Nikaupiga pini tatu, zilezile za vitambaa vya makochi.

Cheche! Za buluu, nzuri kweli kuzitazama. Mke wa Edmund hakuzitazama kwa jicho hilo. Edmund alichomoa waya akiwa ameniangalia, akasema tuonane kwenye mazoezi Jumamosi. Mimi siimbi kwaya. Nadhani alikuwa ananiaga.

Nyumbani nikauliza kwenye kundi la simu la wazazi. Mama mmoja akajibu mahindi yakikauka kupita kiasi hayapasuki, yanataka unyevu kidogo ndani. Nyunyizia kijiko cha maji, funika, acha siku mbili tatu. Lo! Kumbe ndiyo hiyo! Lakini siku tatu mimi sina. Nimepiga hesabu: maji kidogo siku tatu ni sawa na maji mengi usiku mmoja. Nimeloweka debe lote lililobaki.

8 Novemba, Ijumaa

Njia ya nne imezaa kande. Bertha kasema zinakosa maharage tu. Tumekula mchana na jioni. Kuku nao wamekula. Agizo la kwanza limetimizwa.

9 Novemba, Jumamosi

Sina mahindi. Sina sufuria iliyo nyeupe. Nimekwenda sokoni, muuzaji yuleyule, mahindi yaleyale ya juu ya bati. Nikarudi mikono mitupu.

Mchana Bertha alikaa mlangoni na sare yake ya sherehe, anaijaribu. Hakuuliza kitu. Kutoniuliza kwake kuliniuma kuliko maswali yote ya wiki hii. Nilitaka mara moja tu mtoto huyu atembee na mimi kifua mbele.

Jioni nikawasha moto wa mama mkwe, kama nilivyoagizwa. Nikainua macho.

Nilikuwa naangalia tu. Kuangalia hakukatazwi. Nikashusha moja. Kukagua wadudu ni sehemu ya kutunza. Nikalifunua ganda kidogo: punje nyekundu, ndogo, zenye ncha, zinang'aa. Nikatupa tano kwenye sufuria.

Pa! Pa! Pa! Pa! Pa! Zote tano.

Bertha kaja mbio. Kakuta bisi tano kwenye kiganja changu, nyeupe, kubwa. Kaniuliza kama hayo si ya bibi. Nikasema bibi ni mtu wa watoto, na moja tu halitaonekana. Kisha nikafikiria kwamba moja likitoka, lililofungwa nalo litabaki peke yake, na hapo ndipo litaonekana. Kwa hiyo mawili. Kisha nikahesabu watoto arobaini.

10 Novemba, Jumapili

USHINDI! Mifuko miwili mikubwa ya bisi! Hakuna hata kokoto moja. Watoto walinizunguka, mchungaji alijichotea mara tatu, akanitaja kwa jina mbele ya kanisa. Edmund kanipa mkono. Bertha alinishika mkono kutoka kanisani mpaka mlangoni, na kila aliyepita alimwambia ni baba yangu huyu.

Marcelino alikuwa dukani kwake. Nikamwonjesha. Akatafuna polepole, akatazama bisi, akanitazama mimi. Akasema ni nzuri, amewahi kuzila mahali. Akaingia ndani. Wivu huo.

11 Novemba, Jumatatu

Nimeamka na magunzi kumi na mawili na mama mkwe anayekuja kesho.

Sijatishika. Kazi yangu ni nini? Kutengeneza kitu kikae kama kilivyokuwa. Nimezungushia kila gunzi sponji ya nusu inchi, nikalirudishia maganda, nikashona kwa sindano iliyopinda na uzi wa rangi ya majani makavu. Mshono wa ndani, hauonekani. Nimeyafunga mawilimawili na kuyaning'iniza. Nikasimama mbali. Nikasimama karibu. Hata mimi ningedanganyika. Mpango: atayachukua, atapanda kijijini, yasipoota tutasema ni mvua.

Sikuona kasoro katika mpango huu mpaka nilipokwishalala. Atayapukuchua kwanza.

12 Novemba, Jumanne

Eveline karudi saa nne. Mama mkwe kafika saa sita. Nikamwinamia kwa mbali, nikamsalimu kwa Kihehe, kamwene mama, naye akaitikia akiwa ameangalia chini, kama inavyotakiwa kati ya mkwe na mkwe. Maneno yote kwangu anayapitisha kwa Eveline. Nilikuwa nategemea sana utaratibu huo.

Nikamwomba Eveline amwambie mama apumzike kwanza, tutamfungia mzigo sisi wenyewe. Mama akamwambia Eveline hajachoka. Akaenda jikoni. Akashusha mawili.

Alilipima moja mkononi. Akalibonyeza kwa kidole gumba. Likabonyea. Akaachia. Likarudi.

Akabonyeza tena. Likarudi.

Akamwambia Eveline amuulize mume wake haya mahindi yamejifunza wapi kupumua. Eveline hakuniuliza. Alichukua kisu, akakata mshono, akaitoa sponji taratibu, akaiweka mezani. Akatoa na ya pili. Alizitoa zote kumi na mbili. Ningefurahi angepiga kelele.

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda. Akashika gunzi tupu, akaligeuzageuza. Akasema, na safari hii aliniambia mimi mwenyewe, kwamba mama yake alimfungia mbegu hii kwenye pindo la khanga, akamwambia njaa ikija auze khanga, mbegu hailiwi. Na njaa ilikuja, mara mbili. Hakuila.

Niliona aibu. Naandika hapa kwa sababu ni kweli. Niliiona mpaka masikio yakawaka moto. Nikasema nisamehe mama, nikarudia, sikuwa na mpango wowote mdomoni.

Akamwita Bertha. Akamuuliza zilipasuka vizuri? Bertha akasema zote, bibi, hata moja haikubaki, na watoto wote walipata. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, kidogo tu, kama mtu aliyesikia habari njema ya mtoto wake wa mbali.

Kisha akajifunga khanga, akatoka. Dakika kumi baadaye akarudi na kifurushi. Mahindi kumi na mawili, mekundu, maganda yamefunuliwa. Nyuma yake Marcelino, kabeba jamvi la kuyapukuchulia.

Kumbe! Mwezi wa saba, mama mkwe alipotoka misa na mke wa Marcelino, alimwachia nusu ya mbegu. Akasema mbegu haiwekwi nyumba moja, na hasa nyumba yenye mtu wa mipango. Marcelino amewasha moto kila jioni kwa miezi minne. Na hakusema! Jumapili alitafuna mbegu mbele ya macho yangu, akajua, akaingia ndani, asiseme! Sijui kama nimshukuru au nimnunie. Nimefanya yote mawili.

15 Novemba, Ijumaa

Mvua ya kwanza imenyesha. Mama mkwe karudi Kilolo na mbegu yake. Asubuhi kabla ya kupanda gari, akampa Eveline mahindi matatu anipe mimi. Akasema mkwe akianguka anainuliwa. Niyatunze mpaka msimu ujao, moshi kila jioni. Maganda yake kayavua, ili punje zionekane.

Machozi yalinilengalenga. Nimeapa mbele ya Eveline. Nimeyaning'iniza kwa mikono yangu. Mimi ni mtu mwingine kabisa.

Jioni Bertha kaleta barua ya shule ya Jumapili. Krismasi wanaomba bisi tena, na mchungaji anauliza kama niko tayari, la sivyo atamwomba Marcelino na mashine yake.

Nimejibu niko tayari. Zipo njia ambazo bado hazijajaribiwa. Chumvi ya mawe, kwa mfano: unaipasha kwenye chungu badala ya mchanga, nayo haina saruji. Lakini njia mpya inataka mahindi ya kuaminika ya kujaribia, na yale ya sokoni nimeshayajua.

Nimeyatazama yale matatu. Kwa mbegu mawili yanatosha kabisa, mtu yeyote wa kilimo atakuambia. La tatu punje zake zinaonekana, hilo ni kweli, na sponji haina punje. Lakini kwenye stoo nimekuta shanga nyekundu za mapazia, ndogo, zenye ncha, pakiti nzima.