Mfiwa wa Lipingo na Safari ya Bangkok

Hela ya kahawa ikiingia Mbinga, hata mbwa wa stendi wanatembea kwa maringo. Fundi seremala hashikiki kwa oda za vitanda, wenye baa wanapaka kuta rangi, na mwanamume aliyekuwa anatuma watoto kuomba chumvi kwa jirani anaanza kusema yeye siyo mtu wa kuuliza bei.

Msimu huo ndipo Wendelin alipoteremka stendi. Suti ya bluu, mkoba wa ngozi begani, na nywele zilizochanwa na kupakwa mafuta mpaka nzi akitua anateleza. Akaangaza macho. Mbele ya duka la vyombo vya umeme akaona mzee ananunua redio kubwa kuliko kifua chake, na miguuni kavaa kandambili, moja nyekundu, moja ya kijani. Wendelin akajua Mungu hajamsahau.

Mzee mwenyewe ni Cuthbert, mkulima wa kahawa wa kijiji cha Ruanda, hapo hapo Mbinga. Wendelin akampa shikamoo ya kuinama, akamsaidia kubeba redio. Hela hakuomba. Tapeli anayeomba hela siku ya kwanza huyo bado yuko darasani. Yeye alilalamika tu, kama mtu anayejisemea, kwamba kampuni yake imemtuma atafute watu wachache wenye akili awapeleke Bangkok wakajionee kahawa yao inavyonywewa na matajiri, lakini Mbinga hii inaonekana wenye akili wamekwisha.

"Nani kakwambia wamekwisha?" Mzee Cuthbert akauliza, akaiweka redio chini.

Jumapili iliyofuata, watu wametoka misa, chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni kikajaa wenye akili. Wendelin akawaonyesha Bangkok kwenye simu: treni zinapita juu ya barabara, majumba yanagusa mawingu, bajaji zimepakwa rangi kama harusi. Akawafundisha kusalimia kwa kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa, na wazee wazima ambao wake zao hawajawahi kuwaona wakiinamisha kichwa kwa mtu yeyote, wakainama. Akawapangia safari kama jeshi: nani akae dirishani kwenye ndege, nani abebe kahawa ya kuonjesha, nani asiongee mbele ya wazungu wa kule, ingawa kule hakuna wazungu. Mmoja akataka kujua kama ugali upo. Wendelin akamjibu kwa upole kwamba upo, ila wenyewe wanauita wali.

Aliyekaa mlangoni bila kucheka ni Bonifasia, mke wa Cuthbert. Hela ile ya kahawa ilikuwa ada ya binti yao Violet, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi. Nyumbani walishagombana. Mzee alisema chuo hakina miguu, kitakuwepo tu, lakini ndege haimsubiri mtu. Na akishasema hivyo Mzee Cuthbert, basi imekwisha, maana kichwa chake kikifunga hata misumari haipenyi.

"Baba, sisi hatukufahamu," Bonifasia akamwambia Wendelin. "Kwenu ni wapi?"

Hapo ndipo Wendelin alipofanya kosa lake. Alisema ukweli. Alitaka tu kuonekana mtoto wa nyumbani, na uongo wa karibu haukumjia.

"Kwetu Lipingo, mama. Pale ziwani, nyumba ya chini ya kanisa la Anglikana. Mama yangu Marselina anaanika usipa, vile visamaki vya ziwani, muulize mtu yeyote."

Bonifasia akaitikia kwa kichwa. Watu wakatoa nauli, mkoba ukanenepa.

Sasa, ubaya wa kumdanganya mtu mwenye kujisifu ni kwamba anaanza kukuharakisha. Mzee Cuthbert alishaitangaza safari Ruanda nzima. Alishonesha suti. Aliwaaga hata watu asiosalimiana nao. Kila asubuhi akawa yuko mlangoni kwa Wendelin anataka kuiona tiketi, aishike tu, hata kama haisomi. Na wenzake nyuma yake.

Wendelin akafikiri usiku kucha, na kulipokucha akaamua kumuua mama yake.

Si kwa panga. Kwa simu. Alijipigia mlio mwenyewe katikati ya watu, akaweka simu sikioni, akasikiliza kimya, akaiangusha. Halafu akaanza kulia. Wanangu, mtu anayeweza kumzika mama yake bila hata kutumia vocha, msimwachie hata kuku. Alilia vizuri mno. Mama amefariki, mama amefariki, tiketi tutazungumza nikirudi. Basi la Songea lilikuwa linaondoka muda si mrefu, na yeye alishapiga hesabu: mfiwa haulizwi kitu, mfiwa anaambiwa pole na kupishwa njia.

Kumbe mjini alikaa mno. Alisahau kwao msiba ni nini.

Wa kwanza kumfikia ni Bonifasia, akamvua mkoba begani kwa huruma. "Mfiwa habebi mzigo," akasema. Kisha akaokota na simu, kwa sababu mfiwa hapokei simu, ataambiwa mambo ya kumwangusha. Wanaume wawili wakamshika mikono, mmoja huku, mmoja kule, maana mfiwa haachwi atembee peke yake. Na Osward, dereva wa lori la makaa ya mawe la mgodi wa Ngaka, aliyekuwa naye amelipia siti ya dirishani, akageuza lori. Kina mama wakatandika khanga juu ya vumbi la makaa, wakapandisha unga, maharage na sufuria. Rambirambi ikachangwa pale pale.

"Jamani, msijisumbue," Wendelin akasema, machozi yamemkauka ghafla. "Lipingo ni mbali."

"Ulikuwa unatupeleka Bangkok," Bonifasia akamjibu, "Lipingo ndiyo iwe mbali?"

Akajaribu tena. Akasema atakuwa ameshazikwa. Wakasema basi watakaa matanga. Akasema marehemu hakupenda watu wengi. Osward akamwambia sasa hivi hana namna ya kuwafukuza. Kila alipojaribu kuruka, wale wawili walimbana zaidi, wakimwambia jikaze, mwanaume, sote tutakufa. Naye macho yake hayakutoka mahali pamoja: Bonifasia alikuwa ameukalia mkoba.

Lori likashuka milima kuelekea Mbamba Bay huku kina mama wanaimba nyimbo za msiba. Vumbi la makaa likapanda. Suti ya bluu ikawa nyeusi, na kwa mara ya kwanza Wendelin akafanana na mfiwa.

Walipofika Lipingo wakaanza kulia tangu kanisani, kama inavyotakiwa. Nyumba ya chini ya kanisa ilikuwa kimya, hakuna turubai, hakuna moto wa matanga, jambo lililowafanya walie zaidi, wakiona jinsi marehemu alivyokuwa hana watu. Kule mchangani mama mmoja mfupi alikuwa anageuza usipa juani. Kusikia vilio, akatupa ungo, akajifunga khanga kiunoni, akaja mbio akilia naye. Alikuwa mama mwenye adabu. Msiba ukija kwako unalia kwanza, unauliza baadaye. Akamkumbatia Bonifasia, wakalia pamoja vizuri tu, mpaka akapata nafasi ya kuuliza.

"Mama yangu, amekufa nani?"

"Mama yake huyu," Bonifasia akamwonyesha.

Yule mama akamtazama mfiwa. Akamfuta masizi usoni kwa pembe ya khanga, akamtazama tena.

"Mama yake huyu," akasema, "ni mimi."

Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Wale wawili walioshika mikono hawakuachia. Walishika tu kwa namna nyingine.

Mama Marselina hakupiga kelele. Aliomba aelezwe taratibu, akaelezwa, kahawa, Bangkok, tiketi, simu. Akauomba mkoba, akaufungua mbele ya wote, kila mmoja akachukua chake. Bonifasia alichukua ada ya Violet akaifunga kwenye pindo la khanga, fundo juu ya fundo, na Mzee Cuthbert akatazama ziwa kama mtu aliyeona samaki wa ajabu. Ilipofika zamu ya rambirambi, mama akaikunja akaitia kifuani.

"Hii hairudi. Mmelia, mmetoa, nimepokea. Siku nikifa kweli, msije na kitu."

Hata Osward aliona haki imetendeka.

Kisha akatuma wembe uletwe. Wendelin akarudi nyuma, mikono miwili kichwani. Mama akamuuliza kama ni mfiwa au si mfiwa, kwa sababu hata yeye Wendelin alikulia hapa na anajua mtoto aliyefiwa na mama yake hakai na nywele zinazong'aa. Akanyolewa pale pale mchangani, na nzi walioteleza msimu mzima wakapata uwanja. Kina mama wakapika. Chakula kilikuwa kimeshaletwa, na usipa ulikuwepo, ingekuwa dhambi kuacha.

Wakiwa wanakula, Mzee Cuthbert akasogea karibu na Wendelin, akasafisha koo. Akauliza kwa sauti ya chini kama zile treni za juu ni za kweli, na kama safari imevunjika kabisa au imeahirishwa tu. Bonifasia akamwondolea sahani.

Mama Marselina alikuwa amekaa pembeni anachambua usipa uliomwagika. Akamwita mwanawe.

"Hebu nionyeshe. Hiyo Bangkok iko upande gani?"

Wendelin akatafakari, kipara kinawaka juani. Akainua mkono, akanyoosha kidole kuvuka maji, kwenye milima ya ng'ambo.

"Kule ni Malawi," mama akasema. "Kule yuko shangazi yako. Yeye naye usije ukamuua."