Malalamiko Juu ya Mguu wa Kushoto wa Zein

Kibokoni, Mombasa
9 Septemba 1947

Kwa Bwana Katibu,
Chama cha Mpira wa Watoto, Kibokoni

Bwana Katibu Muadhamu,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na nyumba yako nzima. Sisi hatujambo, isipokuwa mimi, ambaye tangu Jumapili chakula hakinipiti. Sababu ni Mwalimu Nicodemus, yule karani wa bandarini mliyemkabidhi watoto wetu awafundishe mpira. Naomba aondolewe kabla ya mechi na vijana wa Makadara, ama sivyo nitamtoa mwanangu Zein. Hoja zangu ni hizi:

1. Mwalimu huyu hufundisha kila mtoto kivyake. Zein alizaliwa na ushoto, nasi tumehangaika miaka na miaka kuutoa. Mama yangu, Bi Mwanakuu, alikuwa akimfunga mkono kwa leso wakati wa kula, na tulifaulu. Mwalimu akamtazama alasiri moja tu, akasema, "Mguu wake ni huu, mwacheni nao." Jumapili Zein akatia bao kwa kushoto, mbele ya watu wazima. Bwana Katibu, mguu wa kushoto sisi twaingilia chooni. Mama alipopata habari alisema, "Mwana afunga kwa mguu wa chooni, na watu wapiga makofi." Nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga, lakini hilo lilikuwa kughafilika.

2. Mwana wa mwenzetu Kalama, ambaye ni mnene na pumzi zake fupi, hakimbizwi. Amewekwa golini, afundishwa kuruka tu. Usawa uko wapi? Chuoni kwetu tulisoma aya moja ya Kurani kwa sauti moja, na bakora ilitufikia sote, aliyejua na asiyejua. Mimi sikufahamu kitu hata leo, lakini sikubaguliwa.

3. Taha, mwana wa jirani, auogopa mpira. Badala ya kukemewa, ameshonewa mpira wa matambara, na mwalimu huchutama akasema naye polepole. Nilitega sikio, nisisikie hata tusi moja. Mwalimu gani huyu asiyesikika mtaa wa pili?

4. Mambo haya yaambukiza. Leo ni mpira. Kesho mtoto ataulizwa chuoni ni wapi hakufahamu, keshokutwa mke ataulizwa chakula akipendacho, na mwishowe baba atatakiwa awajue wanawe mmoja mmoja. Mimi nina wana wanne, nasi twaishi kwa amani kwa kuwa wote nawaita "wewe". Juzi Zein aliniuliza nilipokuwa mdogo nilipenda nini. Nilimfukuza, kisha nikaenda kumuuliza mama yangu.

Natumai utalipima jambo hili kwa uzito wake. Nisalimie wanakamati wote, majirani zako, na Mwalimu Nicodemus mwenyewe, ambaye sina ugomvi naye.

Mimi niliyedhulumiwa,
Kamaludin bin Jamaldin

Nyongeza: Zein amejua nilichoandika. Ameikunja fulana yake ya mpira, akaiweka mbele yangu, akatoka. Imeniuma. Nimemfuata nikamrudishia. Basi mwalimu asiondolewe, na Zein acheze kwa mguu autakao. Kwa mama yangu nitajibu mimi. Tena, kwa siri, mwambie mwalimu nitamletea mwanangu wa mwisho, Jamaldin, ana miaka saba. Amtazame, kisha aniambie ni mtoto wa namna gani. Mimi nimekaa naye siku zote na sijui.